Afadhali Mwizi

Mtu wa kwanza kuniita mwizi mbele za watu alikuwa Makoye, na wa mwisho alikuwa Masanja, mwaka jana, kwenye benchi la kliniki ya dawa mjini Geita. Nilikuwa nimekaa na kadi yangu mkononi nikisubiri zamu, wala simtazami mtu, maana kwenye benchi lile adabu ni kutazama ukuta. Mzee mmoja mwenye kofia ya pama akaja akichechemea, akasimama mbele yangu, akaniinamia kama anayetafuta kitu kilichomdondoka. "Shija," akasema. "Shija mwizi wa duara!" Nesi aliinua uso. Wanawake wawili waliokuwa wakinong'ona habari za bei ya mchele waligeuka, na mmoja akauvuta mkoba wake karibu. Mimi nilitazama kwanza kadi iliyokuwa mkononi mwa yule mzee, ndipo nikatazama sura yake. Kadi ilikuwa kama yangu, tena imechakaa kuliko yangu. Sura ilikuwa ya Masanja, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa kukosa habari zake, nilimhesabu katika marehemu.

Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule niliolala chumba kimoja na Masanja. Habari za nilikozaliwa na nani aliniachia ng'ombe wangapi hazimsaidii mtu, na hao ng'ombe hata hawakuwapo. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nina miaka ishirini na minne, kijana wa Shinyanga mwenye afya ya kubeba magunia. Mwaka ule ulianzia hospitalini. Dada yangu Holo alikuwa amejifungua na damu haikukoma, wakaomba ndugu wajitolee. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Baada ya kunipima wakaniita kwenye kijichumba cha mafaili, kinanuka spiriti, na daktari mmoja kijana akafunga mlango, akaufungua tena kuchungulia nje, akaufunga. Aliniambia huku akiandika kwenye karatasi, na mimi nikaona kalamu yake haikuwa na wino. Akaniambia damu yangu hawataitumia, na kwa nini hawataitumia. Kisha akasema nitafute mtu mmoja ninayemwamini, nimweleze, mzigo uwe mwepesi. Nikamwuliza, "Ungekuwa wewe, daktari, ungemwambia nani?" Alikunja ile karatasi, akafungua mlango.

Shemeji yangu alikuwa anangoja koridoni. "Umeshatoa?" akauliza. Nikasema sindano imenitisha, nimeona kizunguzungu, nimekataa. Nilisema hivyo kwa sababu ndilo neno la kwanza lililokuja mdomoni. Alitoa yeye, na dada akapona, Mungu ni mwema. Lakini siku ya kumpa mtoto jina, mama mkwe wake Holo aliwagawia watu wote michembe na karanga, na bakuli langu akalisukuma kwa ncha ya vidole. "Mpeni na mchoyo wa damu," akasema, na watu wakacheka, na Holo mwenyewe hakunitazama. Nilikula. Viazi vile vikavu nilivyovipenda tangu utoto nilivimaliza vyote. Niligundua pale kwamba aibu ile naweza kuibeba, na kwamba nitabeba aibu yoyote watakayonipa mradi isiwe ile nyingine. Wiki ya pili nikaondoka kwenda kwenye dhahabu.

Kambi yetu ilikuwa upande wa Rwamgasa, mji wa miti na maturubai ya bluu, ambao ukiondoka asubuhi jioni unaweza kukuta jirani yako amehamisha nyumba. Duara letu, yaani shimo tulilochimba kufuata mwamba wa dhahabu, lilikuwa la watu saba. Kiongozi alikuwa Mzee Ng'wandu, mtu mrefu asiyependa maneno, aliyezoea kunyoosha kola ya shati kabla ya kushuka shimoni utafikiri anakwenda kanisani. Makoye alikuwa mtunza stoo, ndiye aliyeshika ufunguo wa kibanda cha kuwekea mifuko ya mawe. Mimi nilipangiwa chumba na Masanja. Kilikuwa na upana wa vitanda viwili vya miti na nafasi ya mtu mmoja kusimama, hivyo tulivaa suruali kwa zamu. Masanja alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kusema kwa sauti, mtoto wa Mwadui aliyekulia kwenye nyumba za kampuni ya almasi. Siku ya kwanza nilipokuwa nanyoa ndevu, nilijitayarisha kwa swali ambalo kila mtu kambini alimwuliza mwenzake: nipe na mimi huo wembe. Hakuuliza. Alitoa wake mfukoni. "Sisi watoto wa Mwadui ndivyo tulivyolelewa," akasema, "kila mtu na wembe wake, kila mtu na mswaki wake. Ninyi wa vijijini mnachangia mpaka meno." Nilifurahi kupata mwenzangu nadhifu. Tuliishi miezi saba hivyo, kila mmoja akificha wembe wake kwenye kona yake, na kila mmoja akimsifu mwenzake kwa usafi.

Ukuta wa turubai hauna siri. Alasiri za mvua, duara likijaa maji na kazi ikisimama, tulilala chali tukisikiliza majirani. Wakati ule mazungumzo yalikuwa juu ya Mama Neema, aliyekuwa akitupikia ugali wa udaga, yaani wa muhogo, na dagaa, mwanamke wa Kiha mwenye mkono mzuri wa kupika. Alikuwa amekonda. "Amekanyaga miwaya," sauti moja ilisema, na nyingine ikasema, "Mimi nilishaacha kula kwake tangu Jumanne." Wakacheka, wakatania kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, kwamba kila mtu atakufa na chake. Hakuna aliyemfukuza Mama Neema. Watu waliacha tu kununua. Alikaa na sufuria lake la ugali siku tatu, akawa anawapa mbwa, siku ya nne akapanda lori la magunia na sufuria mapajani. Baada ya lori kuondoka, mtu alikwenda na panga akakata turubai la banda lake vipande, akavichoma. Masanja alikuwa mchekeshaji wa chumba chetu, lakini juu ya Mama Neema hakuwahi kutoa mzaha hata mmoja. Nilidhani ni kwa sababu alikuwa na deni la chakula kwake.

Kisha mawe yakaanza kupotea. Mara ya kwanza mfuko mmoja, mara ya pili mwingine, na safari zote ni ile mifuko yenye mwamba mzuri unaong'aa. Kufuli haikuvunjwa. Watu saba tukaanza kutazamana mikono wakati wa kula. "Kikulacho ki nguoni mwako," Makoye akasema, akataka lifanyike zindiko, na wengine wakamwunga mkono mara moja. Mganga ataitwa, atatuchanja chale kifuani, atapaka dawa, na duara litakuwa limefungwa. Tulikaa juu ya mifuko tukimsikiliza. "Wembe ni mmoja," Makoye akaeleza, kwa faida ya sisi tuliokuwa wageni wa mambo hayo. "Unapita kwa wote, kuanzia mkubwa wa duara mpaka mtunza stoo. Damu zetu zinakuwa moja. Baada ya hapo anayemwibia mwenzake anajiibia mwenyewe, na damu inamlipua." Mzee Ng'wandu alinyoosha kola. Alisema tungoje kwanza, tubadilishe kufuli. Makoye akamwambia kwa heshima zote, "Mzee, asiyetaka zindiko tutamfikiriaje?" Mzee akasema basi, lifanyike Jumamosi.

Katika mpangilio ule mimi nilikuwa wa nne. Nyuma yangu kulikuwa na watu watatu: Masanja, kijana mmoja Mkurya aliyekuwa ameoa mwezi uliopita, na Makoye. Nililala nikiwahesabu. Nikiomba niwe wa mwisho, nafasi hiyo ni ya mtunza stoo, anayefunga mlango. Anayeitaka anautaka ufunguo. Nikija na wembe wangu, watasema sitaki damu yangu iwe moja na yao, basi mwizi ni mimi. Nikitoroka, mwizi ni mimi. Nikijisingizia homa, watangoja nipone. Nikinyamaza na kufungua kifua kama wenzangu, nitawaua watu watatu kwa ajili ya kulinda jina langu, na mmoja wao ana mke wa mwezi mmoja. Na nikisema, nilijua litakuwaje turubai langu. Sijawahi kuogopa shimoni, hata siku nguzo zilipolia juu ya vichwa vyetu, kama nilivyoogopa juma lile nikiwa juani. Chakula sikukionja. Masanja naye hakumaliza ugali wake, nikadhani anakonda kwa ajili ya mawe.

Siku ya Alhamisi mchana, wenzangu wakiwa shimoni, niliaga naenda kutafuta kamba, nikaenda kwa mganga. Aliitwa Mama Kabula, na nyumba yake ya bati ilikuwa nje ya kambi, upande wa barabara ya Chato. Nilimkuta anaziba beseni la plastiki lililopasuka, kwa kisu alichokipasha moto kwenye jiko.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia kama mama yangu.

"Marahaba, baba. Umetumwa au umejituma?"

"Nimejituma." Nikakaa chini. Kisu kilipoa akakirudisha kwenye makaa. Nikasema, "Mimi ni wa duara la Mzee Ng'wandu. Huo wembe wa Jumamosi. Mimi nina ugonjwa ule."

"Magonjwa yako mengi."

"Ule."

"Mimi ni mganga, si mtabiri. Sema."

Nikasema Ukimwi. Lilikuwa neno ambalo sikuwahi kulitamka kwa sauti, hata peke yangu, na lilitoka na mate. Mama Kabula hakuacha beseni. Alikamilisha ufa wote, akapuliza, akagonga kwa kucha kuona kama pameshika. Kisha akaninyooshea vidole vyake vya mkono wa kulia, kwa karibu, nikaona vimejaa vikovu vidogo vidogo. "Unadhani wembe unashikwa na nani?" akasema. "Ninyi mnajifikiria wenyewe tu." Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. "Nyamaza. Wewe ni wa pili kunijia kutoka duara lenu. Usiniulize wa kwanza ni nani, maana na wewe hutapenda akiniuliza. Nenda kanunue hiyo kamba uliyoaga. Mimi nitasema na waliokufa, hao hawana wanachoogopa."

Jumamosi saa tatu asubuhi tulipanga mstari kando ya duara, vifua wazi. Mama Kabula alinyunyiza unga, akainama kwenye mdomo wa shimo, akasikiliza muda mrefu sana, kisha akatema mate na kukunja uso. "Wamekataa," akasema. "Humu mna Msukuma, mna Msumbwa, mna Mha, mna Mkurya. Ni koo saba. Nikizitia damu za koo saba kwenye wembe mmoja zitagombana humo chini, na duara litawafukia mchana kweupe. Kila ukoo na wembe wake, na kila mtu atautupa wake shimoni kwa mkono wake mwenyewe." Makoye akapinga, akasema hajawahi kusikia zindiko la namna hiyo tangu azaliwe. Ndipo Mzee Ng'wandu akasema, "Nani kati yenu anaijua dawa kuliko mwenye dawa?" Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati lake lililokuwa limening'inia, akatoa wembe mpya, bado umo kwenye karatasi yake, akampa mama. Sisi wengine ilibidi tumtume mtu dukani. Nilichanjwa wa nne, kwa wembe wangu, na dawa ilipoingia ikachoma kama pilipili, nami nilikuwa karibu kulia kwa furaha.

Furaha hiyo haikudumu. Kuna mwingine kati yetu mwenye ugonjwa ule. Nilikuwa nikikaa kwenye duara la kula, mikono saba ikienda kwenye sinia moja, nikipitia uso mmoja mmoja. Niliamini ni Makoye, kwa sababu alikohoa asubuhi. Siku nyingine niliamini ni yule Mkurya. Nilitamani kusema mpaka mataya yakauma; wakati mwingine tukiwa chumbani Masanja akifunga kamba za viatu, neno lilifika kwenye meno, naye angenyanyuka na kutoa mzaha fulani, nalo likarudi. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na sisi tulikuwa kata zilizoning'inizwa ukuta mmoja, kila moja na mtungi wake. Masanja sikumdhania hata dakika moja. Alikuwa mnene mno.

Wiki tatu baadaye mfuko mwingine ukapotea, na muuza samaki mmoja akamwambia Makoye kwamba aliniona nikitoka kwa Mama Kabula mchana wa Alhamisi ile, peke yangu. Sihitaji kumweleza mtu wa kule uzito wa jambo hilo. Mtu haendi peke yake kwa mganga wa kundi kabla ya zindiko, isipokuwa ana lake. Tukakusanywa stoo alasiri, wote saba, mlango ukafungwa kwa ndani.

"Sasa tunajua kwa nini wembe ulikataliwa," Makoye akasema. "Alikwenda kumhonga yule mama auharibu. Sema, Shija. Ulifuata nini?"

Nilimtazama Masanja. Alikuwa akibandua sugu kwenye kiganja chake, kwa makini, kama kazi aliyoajiriwa.

"Sema ulifuata nini!" Makoye alinishika shati.

Nilifungua mdomo, na naapa mpaka leo kwamba ukweli ulikuwa unatoka. Nilikuwa nimechoka. Mzee Ng'wandu, aliyekuwa amekaa juu ya mfuko nyuma ya wote, akaniwahi. "Alikwenda kununua dawa ya kuibia," akasema. Hakusema kwa hasira. Alinitazama machoni kama baba anayemtolea mtoto jibu la mtihani. "Sivyo, Shija?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

"Basi. Amekiri."

Makoye alitaka nipigwe. Mzee akasimama, akanyoosha kola, akasema aliyekiri hapigwi, achukue mzigo wake aondoke kabla ya jua kuzama, na asiguswe. Masanja ndiye aliyeniletea begi langu. Lilikuwa limepangwa vizuri kuliko nilivyowahi kulipanga mimi, na juu kabisa ya nguo kulikuwa na wembe wangu wa kunyolea, umefungwa kwenye karatasi. Hakunitazama, wala hakusema kwaheri. Nikapanda lori la samaki lililokuwa linarudi Chato tupu, mwizi kamili, kifua kikiwa na chale tatu ambazo hazijapona.

Wizi ule umenifuata. Nimekosa kazi kwa ajili yake, na nimekosa mke mmoja. Mwaka uliofuata nilisikia Mzee Ng'wandu amefariki, wakasema ni malaria ya kichwa. Mimi niliugua kifua kikuu nikapona, nikaugua tena, nikawahi dawa za kufubaza zilipokuja, wakati nimebaki mifupa na meno. Ndipo nikamwambia Holo. Alikuwa anachambua mchele. Akaacha mkono ndani ya ungo, akaniuliza, "Kwa hiyo siku ile ya damu?" Nikasema ndiyo. Alilia, akanipiga ngumi ya bega, akalia tena. "Miaka yote nakuita mchoyo," akasema, "na wewe unaitika."

Siku ile kliniki, Masanja alikaa kwenye benchi kando yangu akicheka, akaweka kofia gotini. Alipomaliza kucheka akasema bila kunitazama, "Nilijua, Shija. Siku ile stoo. Nilijua ulifuata nini kwa yule mama, kwa sababu na mimi nilikwenda."

Hasira ilinipanda, sitaficha. Miaka ishirini na zaidi ya kuitwa mwizi, na mtu aliyeweza kunyanyua mkono alikuwa akibandua sugu. Nilimwambia hivyo. Nesi akatuangalia tena. Masanja alikubali kila neno. "Ningesemaje?" akauliza. "Ningesema najua ulichofuata, wangeuliza nimejuaje." Na mimi, nikijaribu kumhukumu, nilijiona kwenye nafasi yake, nikibandua sugu vilevile. "Tulilala miezi saba futi mbili mmoja kutoka kwa mwenzake," akasema. "Ungeniambia, ningekuambia." Nikamwambia nami ningemwambia, kama angeanza yeye.

"Angalau ulijua hauko peke yako," nikasema. "Mimi yule mama aliniambia ni wa pili, nikakaa kutafuta wa kwanza mpaka karibu nichanganyikiwe. Kumbe alikuwa wewe."

Masanja aligeuka. "Mimi nilikwenda Ijumaa, siku moja baada yako. Aliniambia ni wa tatu."

Tukahesabu, kama wazee wawili wajinga, kwa vidole. Yeye Ijumaa, wa tatu. Mimi Alhamisi, wa pili. Masanja aliichukua kofia yake kutoka gotini akaishika kwa mikono miwili. "Nani alikuja kwenye zindiko na wembe mpya mfukoni," akasema polepole, "kabla mama hajasema lolote?" Nilikuwa nimerudi stoo, naona mtu amekaa juu ya mfuko nyuma ya wote, anaona mdomo wangu unafunguka, ananiwahi. Alikuwa wa kwanza katika mstari. Sote sita tulikuwa nyuma yake.

Nesi akaita jina la Masanja, yote matatu, kwa sauti ya kusikika mpaka getini. Akainuka kwa shida.

"Kaburi lake nalijua," akasema. "Liko huko huko, karibu na barabara. Ningoje nichukue dawa twende."

"Tukafanye nini kaburini?"

"Tukamwambie," Masanja akasema. "Tumwambie tulikuwa watatu."